Maswali ya Wasomaji: Moto usioonekana na watu wa kukaa nao

Barua nyingi zilizotufikia miezi hii kutoka Tanga mjini na wilaya za jirani zinauliza juu ya jambo moja, nalo ni vikao ambavyo watu wenye maumivu sugu ya mishipa ya fahamu wameanza kuviitisha wenyewe kwa wenyewe. Nimechagua barua tano. Ninazijibu nikiwa muuguzi mstaafu, na pia nikiwa mgonjwa, kwa kuwa mkanda wa jeshi ulionipata miaka sita iliyopita uliniachia maumivu ubavuni ambayo hayajaondoka mpaka leo.

SWALI: Shikamoo, Mama. Nina umri wa miaka 47 na huu ni mwaka wa tisa tangu nigundulike kuwa nina kisukari. Nyayo zangu zinawaka moto, hasa usiku, hata uzito wa shuka siuwezi. Saa nane huamka nikamwaga maji sakafuni na kuiweka miguu juu ya saruji yenye maji. Mchana nakaanga vitumbua na kucheka na wateja, ndiyo maana mawifi zangu wanasema ninajidekeza. Kliniki nimeambiwa kuna wagonjwa wanaokutana Jumamosi moja kila mwezi. Mimi naona kusikilizana vilio ni kupoteza siku ya biashara. Kikao kitanipa nini ambacho dawa haikunipa? (Muuza vitumbua, Makorora)

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa usiku huo wa saa nane. Nianze na mawifi zako, kwa sababu nikiisoma barua yako naona maneno yao yanakuuma kuliko miguu.

Mishipa ya fahamu inayofika kwenye vidole vya miguu ndiyo mirefu kuliko yote mwilini, na sukari inapokaa juu kwa miaka huanza kuiharibu hiyo, ndiyo maana shida huanzia vidoleni ikapanda taratibu kama mtu anayevaa soksi. Mshipa ulioharibika haunyamazi. Hupeleka ubongoni habari ya moto mahali ambapo hapana moto, na ubongo hauna njia ya kujua kuwa habari hiyo si sahihi. Kwa hiyo maumivu unayoyasikia ni ya kweli kabisa, ingawa kwa jicho la mtu mwingine nyayo zako ni nzima. Usiku huzidi kwa kuwa shughuli za mchana zilizokuwa zikiyafunika zimekwisha.

Hiyo sakafu uliyoimwagia maji imenigusa sana, na nitakueleza sababu. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa kati ya 1861 na 1865, askari waliojeruhiwa mishipa ya fahamu kwa risasi walikusanywa katika hospitali moja mjini Philadelphia, chini ya daktari aliyeitwa Silas Weir Mitchell na wenzake. Majeraha yalikuwa yamepona, lakini askari hao walidai mikono na miguu yao inaungua. Walitembea na chupa ya maji na sponji ili mkono usikauke, na wengine walimimina maji ndani ya buti walizozivaa. Zilikuwa zama ambazo madaktari wa jeshi walishughulika kuwanasa askari wanaojifanya wagonjwa, na askari mmoja mwenye buti zilizojaa maji angeweza kuitwa mwongo kwa urahisi. Lakini walipolazwa pamoja watu wasiojuana, kila mmoja akiomba maji kwa ajili ya moto uleule usioonekana, ilikuwa vigumu kusema wote wamepanga uongo mmoja.

Kikao hukupa hilo kabla ya jingine lolote, nalo halimo katika kidonge: kuaminiwa bila kutakiwa uonyeshe jeraha. Mimi nilikaa mwaka mzima nikiwaficha hata wauguzi wenzangu. Daktari mmoja aliniambia, kwa wema tu, kwamba mtu wa kazi yangu hapaswi kuogopa maumivu, na tangu siku hiyo sikumweleza tena. Nilipoingia kikaoni mara ya kwanza, mzee mmoja aliyefanya kazi katika mashamba ya mkonge alikuwa akieleza kuwa anasikia kama waya wa moto unapitishwa chini ya ngozi, na kanzu ikimgusa anataka kuivua barabarani. Nilimkatiza kabla hajamaliza, nikamwambia hayo ni ya ubavu wangu.

Kitu cha pili ni maarifa ya watu walioamka saa nane kama wewe. Mwaka jana mama mmoja alileta boksi la kadibodi lililowahi kubeba chupa za mafuta ya kula, akalikata pande mbili likabaki mfano wa daraja, akatuonyesha jinsi anavyoliweka mwishoni mwa godoro na kutandaza shuka juu yake ili lisiguse miguu. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 32. Wodini tulikuwa na kifaa cha chuma cha kazi hiyohiyo kwa walioungua, wala sikuwahi kumwambia mgonjwa wa kisukari hata mmoja kwamba anaweza kujitengenezea cha kwake.

Katika kikao hicho tuna desturi nyingine ninayoipenda: kabla ya kuagana, wenye kisukari huvua viatu na kukaguana nyayo. Moto na ganzi huishi katika mguu mmoja, na anayelia kwa kuungua usiku anaweza asisikie msumari mchana. Zamu moja tulimkuta mvuvi ana msumari mdogo wa fundi viatu umeingia kisiginoni, naye alikuwa ametembea nao kutoka Sahare. Jeraha kama hilo lisipoonekana mapema ndilo linaloishia kwenye kukatwa mguu. Kwa sababu hiyohiyo nakusihi, maji ya kawaida ya bomba hayana neno, lakini barafu na maji ya moto usithubutu, na sakafu uifute usije ukateleza gizani.

Kuhusu dawa, huenda haikukusaidia kwa kuwa si yake. Parasetamoli na diklofenaki hufaa kwa jino na kwa kifundo kilichoteguka, ila kwa mshipa ulioharibika msaada wake ni mdogo, na diklofenaki ikitumiwa muda mrefu huweza kudhuru figo, ambazo kwa mwenye kisukari tayari zina mzigo. Dawa zinazotumika zaidi ni amitriptilini, duloksetini, gabapentini na pregabalini. Amitriptilini ilitengenezwa kwa ajili ya sonona, na wengi huiacha wakisoma karatasi yake wakidhani daktari amewaona wana wazimu. Huanza kwa kipimo kidogo usiku, huchukua wiki kadhaa, hukausha mdomo na kuleta usingizi, na haifai kwa baadhi ya wenye maradhi ya moyo. Katika kila watu wanne au watano wanaotumia dawa za jamii hiyo, mmoja hupata nafuu kubwa ambayo asingeipata kwa kidonge kisicho na dawa; wengine hupata kidogo au hawapati, na hulazimika kujaribu nyingine. Muulize daktari pia kuhusu vitamini B12 ikiwa umetumia metformini, dawa ya kisukari, miaka mingi, kwa kuwa metformini huweza kuishusha, na upungufu wake nao huumiza mishipa ya fahamu.

Sitakuahidi kwamba kikao kitashusha maumivu yenyewe, maana kwa wengi wetu hayakushuka sana. Nenda mara tatu kabla ya kuamua, na uende baada ya kuuza vitumbua vya asubuhi. Ukiweza, mchukue wifi mmoja, yule mwenye maneno mengi kuliko wote, akae pembeni asikilize.

SWALI: Shikamoo, Mama. Nilikuwa dereva wa bodaboda. Miaka miwili iliyopita nilianguka, bega la kulia likavutwa, mkono ukapooza, na mkono huohuo usio na nguvu ndio unaonipiga shoti kama za umeme mara nyingi kwa siku. Nimewapata wenzangu watano wenye maumivu ya namna hii, wawili wakiwa madereva kama mimi. Tunataka kuanzisha kikundi. Tujiandikishe kwanza? Tuendesheje vikao? Kuna muuzaji wa dawa za virutubisho aliyejitolea kutulipia ukumbi na soda. (Msomaji, Pongwe)

JIBU: Marahaba, baba, na pole kwa ajali. Mtu anapoanguka na pikipiki, bega likavutwa upande na shingo upande mwingine, mizizi ya mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi huchanika au hung'oka, na mkono ulionyamaza kwa kazi hubaki ukisema kwa maumivu. Najua watu wanakuuliza mkono uliokufa unaumaje. Hilo ndilo jibu lake.

Nianze na muuzaji, kwa kuwa hapo ndipo vikundi vingi huharibikia. Mkataeni kwa adabu. Mtu mwenye maumivu ya miaka miwili atanunua chochote, nanyi mtakuwa mmemkusanyia wanunuzi sita waliokata tamaa katika chumba kimoja. Soda yake mtailipa mara kumi. Chumba cha kukutania mtakipata bure mkiomba kwenye shule, ofisi ya serikali ya mtaa, madrasa au ukumbi wa kanisa, na chai mtachangishana wenyewe.

Usajili usiwatie haraka. Watu wawili, mfanyabiashara na daktari, walikaa pamoja katika mji wa Akron nchini Marekani mwaka 1935 kwa sababu kila mmoja alishindwa kuacha pombe peke yake, na kutoka hapo ukaanza mtandao wa walevi wanaosaidiana ambao leo uko duniani kote. Mwanamke wa Pennsylvania aitwaye Penney Cowan, aliyeishi na maumivu sugu kwa miaka, alianzisha mwaka 1980 kikundi kidogo kilichokuja kuwa Chama cha Maumivu Sugu cha Marekani. Nasi hatuhitaji kwenda mbali: WAMATA, shirika la kuwasaidia walioguswa na Ukimwi, ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1989, wakati ambapo wenye virusi vya Ukimwi walifichwa vyumbani, na vikundi vya watu wanaoishi na virusi vilivyofuata nchini vilituonyesha kwamba wagonjwa wanaweza kufundishana mambo ambayo kliniki haina muda wa kuyafundisha. Kutaneni miezi sita. Mkiona mnadumu, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri awaeleze taratibu za kujiandikisha.

Mtakapojiandikisha mtashawishika kuomba mikopo, kuanzisha upatu, pengine na VICOBA. Msifanye hivyo ndani ya kikundi hiki. Nina ndugu wengi walioinuliwa na vikundi vya kukopeshana na sivisemi vibaya, lakini kikundi cha maumivu kikigeuka kikundi cha mikopo, mwenye deni haji tena hata siku anayohitaji wenzake kuliko siku zote. Wekeni mfuko mdogo wa nauli kwa asiye nayo, basi.

Uendeshaji wenyewe si mgumu, ila una mambo madogo yanayosahaulika. Watu sita hadi kumi na wawili wanatosha. Wakizidi hapo wengine hawatafikia zamu ya kusema. Viti viwe na egemeo, wala msiwakalishe watu kwenye mikeka kwa ajili ya heshima tu, maana yupo ambaye akikaa chini hanyanyuki. Atakayetaka kusimama, kunyoosha mgongo au kulala ubavu aachwe bila kuulizwa. Chumba kiwe cha chini, pasiwe na ngazi, na kikao kisizidi saa mbili kwa sababu kukaa nako ni kazi.

Kila mtu apewe dakika zake, na hapa ndipo msimamizi anahitajika awe na moyo na awe na saa. Asianze kwa kuuliza maumivu yako yakoje leo. Aulize umefanya nini tangu tuonane, na nini kilikuwa kigumu. Swali la kwanza humfanya kila anayefuata atafute maumivu makubwa kuliko ya aliyetangulia, na nimeona kikao kizima kikizama humo mpaka magharibi. Swali la pili huleta majibu kama ya kijana aliyejifunza kufunga vifungo kwa mkono mmoja, au ya yule anayepanda baiskeli yake polepole hadi Mgandini na kurudi, akiongeza mwendo mdogo kila wiki badala ya kujichosha siku moja na kulala tatu.

Sheria moja msiiregeze: hakuna kugawiana vidonge. Niliwahi kumwona mzee amepewa amitriptilini na jirani mwenye huruma; kibofu chake kilikuwa na shida ya tezi dume, mkojo ukaziba, akalazwa. Wala asiwepo wa kumshauri mwenzake aache dawa ghafla, hasa karbamazepini na gabapentini, kwa kuwa kuziacha ghafla kuna hatari. Mwenye swali la dawa aandike kwenye daftari, na mara moja kila miezi michache mwalikeni muuguzi, mfamasia au mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali ya mkoa ya Bombo aje ayajibu. Akimaliza, aondoke, ili mwendelee na yenu.

SWALI: Ninatumia ARV tangu zilipoanza kutolewa nchini, na miguu yangu iliharibika kwa dawa za zamani. Ningependa kujiunga, lakini naogopa kuulizwa chanzo cha maumivu yangu. (Msomaji asiyetaka mtaa wake utajwe)

JIBU: Hulazimiki kukitaja. Msimamizi anayejua kazi yake hatakuuliza, na akiuliza una haki ya kujibu kwamba una maumivu ya mishipa ya fahamu na kuishia hapo. Miguu inayowaka huletwa na kisukari, ukoma, pombe, upungufu wa vitamini, dawa za saratani, na hata dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi isipoambatanishwa na vitamini B6. Hakuna atakayekusoma kwa kukutazama tu. Unayosema kuhusu dawa za zamani ni kweli. Stavudini, iliyotumika kwa wingi programu ya ARV ilipoanza hapa mwaka 2004, iliumiza mishipa ya fahamu ya watu wengi, na Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iondolewe hatua kwa hatua. Nakuandikia haya ili usiwaze kwamba maumivu yako ni dalili ya dawa za sasa kushindwa, hofu ambayo nimeikuta kwa wenzako kadhaa. Na ikiwa kikundi kina tabia ya kurudisha habari za watu barazani, usirudi.

SWALI: Kikundi chetu kinapanga kwenda kuoga kwenye maji moto ya kiberiti ya Galanos kule Amboni. Inafaa? (Katibu wa kikundi, Muheza)

JIBU: Nendeni kwa ajili ya safari na kuwa pamoja, na wapo ambao joto huwalegeza misuli wakalala vizuri. Yasichukuliwe kuwa ni tiba ya mshipa ulioharibika. Mwenye ganzi miguuni asiingie mpaka mtu mwenye miguu mizima amjaribie maji kwa kiwiko, na mwenye kidonda asiingie kabisa. Vaeni viatu hadi ukingoni, kwa kuwa mawe hamtayasikia.

SWALI: Mke wangu ana maumivu ya upande mmoja wa uso. Yakija ni kama amepigwa na umeme, hawezi kutafuna wala kupiga mswaki, na hospitali wamesema ni mshipa wa fahamu wa usoni, wakampa karbamazepini. Amejiunga na kikundi, lakini kila akirudi huwa kimya, na mara mbili amelia usiku. Nimkataze? (Mume, Chumbageni)

JIBU: Usimkataze, ndugu yangu, lakini hofu yako ni halali na nimefurahi umeiandika. Kimya cha baada ya kikao ni cha namna mbili. Kuna kimya cha mtu aliyebeba siri ya maumivu kwa muda mrefu na leo ameitua. Huyo hulia, kisha hulala, na mwezi unaofuata hujiandaa mapema. Kuna kimya cha mtu aliyesikia mambo yaliyomfungia mlango, nacho huongezeka kila kikao. Utakitambua cha pili kwa kuwa ataanza kuacha vitu nyumbani, kupika, kusuka nywele, kupokea wageni.

Nashuku kwa mkeo ni cha pili, na nitasema kwa nini. Anakaa na watu wenye maradhi ya miguu na migongo wanaoambiana, kwa haki yao, kwamba haya hayaishi na inabidi kuishi nayo. Hali yake si hiyo. Maumivu ya mshipa wa uso huwa na vipindi vya kupoa, karbamazepini huyasaidia vizuri kuliko inavyosaidia maumivu mengine mengi ya mishipa ya fahamu, na ikishindwa au ikimlevya mno kuna dawa nyingine, na kwa baadhi ya wagonjwa kuna upasuaji, hasa pale mshipa wa damu unapougandamiza mshipa wa fahamu karibu na ubongo. Muulizeni daktari wake juu ya rufaa kwa bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. Akitokwa na vipele mwilini akiwa katika dawa hiyo, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na akisema amechoka kuishi, hata kama amelitamka kama mzaha, usingoje kikao wala kliniki; mpeleke siku hiyohiyo na usimwache peke yake.

Kwa kikundi, kazungumze na mwenyekiti, kwa idhini ya mkeo, amtafutie mwenzake mwenye maradhi kama yake, hata kama ni mmoja tu na anaishi Korogwe au Pangani, wawe wanapigiana simu. Mwombe pia amkalishe mbali na dirisha na feni. Kwa maradhi hayo, upepo mdogo shavuni unatosha kuamsha shoti, na inawezekana mkeo amekuwa akikaa saa mbili nzima akiuogopa upepo wa bahari bila kuthubutu kuomba kiti kihamishwe.